Nimekusanya spea za "1966" kwa Beetle ambayo kumbe sio ya 1966, tusaidiane kuchagua spea za kipindi sahihi

Chuma_Chakavu

Wakuu habari za humu,

Naanza kwa kujichoma mwenyewe ili mnaotaka kucheka mcheke mapema.

Nina Volkswagen Beetle. Kadi ya gari inasema 1966, aliyeniuzia alisema 1966, na mie nimetamba nayo miaka miwili nzima kwamba ni ya 1966. Nikaamua niirudishe kama ilivyotoka kiwandani, sio kupaka rangi ya kung'aa na kufunga mataa ya ajabu ajabu, nilitaka mtu akifungua mlango wa injini aone kile kile ambacho angekiona gari ikiwa mpya. Basi nikawa nakusanya spea kidogo kidogo, kila nikiona tangazo limeandikwa "66" nachukua, sina hata swali. Nikapata boljointi za mbele (vile viungo vinavyoruhusu tairi kugeuka) seti nzima, rimu nne zile zenye matundu pembeni, vifuniko vyake vile bapa, na distribyuta mpya (ile inayogawa moto kwenye plagi) ipo kwenye boksi haijaguswa.

Siku ya kufunga ndo majanga. Fundi kafungua tairi la mbele, kachungulia, akageuka kuziangalia boljointi pale chini, akachungulia tena, afu akaniuliza taratibu kabisa "bosi, hizi ni za gari gani?"

Kumbe mbele gari ina kingpini, zile pini za mfumo wa zamani wa kugeuzia tairi. Hakuna hata sehemu ya kuiweka hiyo boljointi. Nikabaki natazama boksi.

Swali langu: mtu unajuaje spea ipi ni ya kipindi cha gari yako kweli, sio ya tangazo? Na hizi nilizonunua nifanyeje?

Kabureta_Moja

Dah pole mkuu. Mie naweka kambi hapa, na yangu nayo ina utata wake.

Mama_Spana

Chuma pole sana. Kabla ya yote nyanyua siti ya nyuma, kwenye lile tuta la katikati ya sakafu utaona namba imegongwa kwenye bati. Usiitaje yote humu, nipe tatu za mwanzo tu.

Chuma_Chakavu

115

Mama_Spana

Haya. Hiyo ni modeli ya 1965 baba.

Kuanzia modeli ya 65 Volkswagen wakawa wanaandika namba ya chasisi hivi: mbili za mwanzo ni aina ya gari, 11 ndo Beetle, ya tatu ni mwaka wa modeli. 115 ni 1965, 116 ni 1966, 117 ni 1967. Na mwaka wao wa modeli hauanzi Januari, unaanza Agosti, kiwanda kikitoka likizo. Kwaiyo yako imetengenezwa kati ya Agosti 1964 na Julai 1965, afu ikasafirishwa, ikakaa kwa muuzaji, ikaja kupata mteja 1966 ndo ikaandikishwa. Kadi haijadanganya, yenyewe inajua siku gari ilipoandikishwa, siku ya kuzaliwa haiijui.

Sasa nuksi yako ni kwamba kati ya 65 na 66 pana mpasuko mkubwa kuliko watu wanavyodhani. 66 ndo imekuja na injini ya 1300, boljointi mbele, rimu za matundu na vile vifuniko bapa. Ya kwako inatakiwa 1200, kingpini, rimu zisizo na matundu na vifuniko vilivyobinuka kama mfuniko wa sufuria. Rimu ulizonunua zitaingia vizuri tu, zote ni bolti tano za duara la milimita 205, na huo ndo mtego wenyewe, spea ikishaingia mtu anaona ni yake. Boljointi imekusaidia kwa kukataa. Rimu zingekaa kimya mpaka siku mtu anayejua apite.

Zeze_la_Bati

Samahanini wakuu lakini haya mambo ya matundu ya rimu si ndo yanafanya watu wakae na magari juu ya mawe miaka kumi? Gari inawaka, inatembea, inasimama. Nani atainama kuhesabu matundu??

Mzee_Pointi

Zeze hakuna anayekulazimisha. Kama unataka gari ya kuendea shughuli zako funga chochote kinachoingia na kinachofaa, wala hutakosa usingizi. Ila huyu kijana kasema mwenyewe anataka ilivyotoka kiwandani, sasa ukishasema hivyo umejifunga, huwezi tena kusema nani atajua. Wewe utajua.

Nirudi kwa mleta uzi. Kuna maneno matatu watu wanayachanganya na hela nyingi inapotelea hapo.

Moja ni "orijino". Beetle imetengenezwa muda mrefu mno, ya mwisho imetoka kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003, na Brazil nako wameitengeneza sana. Kwaiyo unaweza kuuziwa spea ina nembo ya VW, boksi la VW, orijino kabisa isiyo na shaka, na imetengenezwa mwaka 1998. Muuzaji hajakudanganya. Lakini kwa gari ya 65 hiyo sio ya kipindi, umbo linaweza kuwa limebadilika, bati lingine, kromu nyingine, hata mpira unatofautiana unene.

La pili ni zile wanaita NOS, yaani spea iliyotengenezwa zamani hizo ikakaa stoo haijafungwa popote. Hizo ndo tamu, na ndo zenye bei ya kuumiza, na ndo zinazoigwa sana. Usinunue boksi, nunua kilichomo. Boksi la zamani ukilipata tupu unaweza kutia chochote ndani.

La tatu ni nakala, spea mpya iliyotengenezwa juzi kwa kuiga ya zamani. Zipo nzuri na zipo za kulia. Mimi kwa vitu vya bati siku hizi naona bora ya zamani iliyobondeka nikainyoosha kuliko nakala, maana bampa ya nakala unaweza kuifunga ukakuta tundu la bolti limehama, unaanza kutoboa gari nzima kwa kosa la bampa.

Chuma_Chakavu

Mzee Pointi shikamoo. Hapo kwenye orijino umenimaliza. Sasa nikiishika spea mkononi naitambuaje?

Mzee_Pointi

Marahaba. Soma namba yake. Namba za spea za VW za enzi hizo zimekaa tatu tatu tatu. Tatu za mwanzo zinakwambia iliundwa kwa gari gani, 111 na 113 ni Beetle ya usukani kushoto, ukiona 211 ujue iliundwa kwa kombi. Namba inayofuata inakwambia ni sehemu gani ya gari: 1 injini, 2 mafuta na ekzosi, 3 giaboksi, 4 mbele, 5 nyuma, 6 rimu na breki, 7 pedeli na vyuma vya kuziendesha, 8 bodi, 9 umeme. Ukiambiwa hii ni taa na namba yake katikati inaanza na 4, rudisha mezani.

Na kwa vitu vinavyokuja jozi, namba ya mwisho ikiwa witiri ni ya kushoto, ikiwa shufwa ni ya kulia. Madigadi mfano, inayoishia 021 kushoto, 022 kulia. Imeniokoa mara nyingi kwenye tangazo lisilo na picha ya maana.

Ila usijisahau, 113 haina maana spea ni ya mwaka wako. Namba inabaki vile vile inaongezwa herufi mwishoni kila wakibadilisha kitu. A, B, C. Herufi ndo umri wake. Watu wanaandika namba kwenye tangazo wanaacha herufi, ama kwa uvivu ama kwa makusudi, siku zote iombe hiyo herufi.

Mama_Spana

Naongezea hapo kwa Mzee. Angalia na tarehe. Vyuma vya kumwagwa, kama nyumba ya injini, vingi vina kijiduara chenye mwaka. Spidomita za VDO, kampuni iliyokuwa inazitengeneza, nazo nyingi zina mwezi na mwaka. Ukishajua gari ilitoka kiwandani mwezi gani, spea inatakiwa iwe imezaliwa kabla yake kidogo, wiki kadhaa au miezi michache. Ikiwa na tarehe ya baada ya gari, hiyo imeletwa baadae, hakuna mjadala. Ikiwa ya miaka mitatu kabla pia jiulize. Mtu anayetafuta spea za "1965" anakuta spidomita ya Novemba 1965 anafurahi, wakati gari yake ilishatoka getini kabla ya Agosti.

Kabureta_Moja

Mie yangu ni 117, nilikuwa naona hapa nimepona maana ni 67 kwenye kadi na 67 kwenye chasisi. Ila nimeagiza taa za mbele za 67 zikaja za kusimama wima, gari yangu ina zile za kulala na kioo kimefunika juu. Muuzaji anasema ndo za 67, ananitumia na picha za gari za 67 zina taa hizo hizo. Nani mwongo hapo?

Mama_Spana

Hakuna mwongo hata mmoja, ndo raha ya 67 hiyo. Gari zilizokwenda Marekani modeli ya 67 zilipata taa za kusimama huku bado zina bampa nyembamba za zamani. Ulaya walibaki na taa za kulala mpaka modeli ya 68 ndo ikaja na taa za kusimama pamoja na bampa zile nene zilizokaa juu. Yako haikuwa ya soko la Marekani. Na sio taa tu, 67 ya Marekani ina umeme wa volti 12 na breki za saketi mbili (njia mbili za mafuta ya breki zinazojitegemea) wakati dada zake wengine bado wako volti 6. Kwaiyo ukitafuta spea usiseme mwaka peke yake, sema na soko ilikokwenda. Na taa zenyewe usisahau upande wa usukani, kioo cha taa kinatupa mwanga upande mmoja zaidi, cha gari ya usukani kushoto na cha usukani kulia sio kimoja.

Kabureta_Moja

Daah. Nazirudisha leo leo.

Chuma_Chakavu

Wakuu mambo yamezidi. Kwa hasira nimeenda kusoma na namba ya injini, pale chini ya dainamo. Inaanza na herufi F. Mama Spana ulisema yangu inatakiwa 1200??

Mama_Spana

Aisee. F ni 1300, hiyo injini imeanza na modeli ya 66. Injini yako sio iliyozaliwa nayo mkuu. Kuna mtu kabla yako aliibadilisha.

Zeze_la_Bati

Hahahaaa sasa gari 65, kadi 66, injini 66, spea 66. Chuma mbona unakaribia kuwa sahihi kwa kukosea??

Fundi_Klachi

Nilikuwa nasoma kimya ila hapa niseme. Kabla ya kuanza kulia kuhusu injini angalia flaiwili, lile gurudumu la meno linalozungushwa na starta. Ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina meno 130 na ni kubwa. Kama aliyebadilisha aliweka ya 130 atakuwa alikwangua ndani ya giaboksi ili izunguke, na kama alikwangua hovyo hilo ndo tatizo lako kubwa sasa hivi, sio herufi. Kama ni 109 na starta inashika vizuri, basi aliyefanya alijua anachofanya, mshukuru popote alipo.

Na ile distribyuta mpya uliyonunua, naomba usiniambie ni 009.

Chuma_Chakavu

Ni 009 😭

Fundi_Klachi

Nilijua. Kila mtu anaanzia hapo kwasababu ni nyepesi kupatikana na ina sura ya kizamani. Sio mbovu, shida ni kwamba inasogeza moto (inawahisha cheche ya plagi) kwa vyuma vya kuzunguka peke yake, haina ile bomba ya vakyumu, yaani ya mvuto wa hewa. Injini yako na kabureta yake 30 PICT-1 vilipangwa viende na distribyuta ya vakyumu, unapokanyaga mafuta ghafla kabureta inavuta ile bomba na moto unasogea pale pale. Ukifunga 009 gari inakata pumzi, unakanyaga inawaza kwanza ndo inaondoka. Mimi niliwahi kuhangaika na hilo mwezi mzima, nikabadilisha jeti, nikafungua kabureta mara nne, nikamlaumu kila mtu mpaka muuza petroli, kumbe ni distribyuta niliyoifunga kwa mkono wangu mwenyewe nikiwa nafurahi.

Tafuta ya vakyumu, hata ikiwa imechoka. Bushi zinabadilishwa, chombo cha vakyumu kinapatikana, pointi na kondensa hizo ndo zisizosumbua. Uipime vakyumu kwa mdomo, nyonya bomba uone sahani ya ndani inasogea na kubaki palepale ukiziba kwa ulimi. Ikirudi, imetoboka.

Na plagi jamani. Vitabu vya zamani vinasema Bosch W145T1, siku hizi namba hiyo haipo dukani, unachukua W8AC. Msikariri kwamba namba kubwa ni plagi ya baridi, mfumo wa zamani ndo ulikuwa hivyo, wa sasa wa Bosch umegeuka, namba ikipanda plagi inakuwa ya moto zaidi. Watu wanaua pistoni kwa kusoma namba mpya kwa akili ya zamani.

Zeze_la_Bati

Haya hapo nimeinua mikono, hiyo sio urembo, hiyo ni gari kutembea. Swali la kweli sasa: breki na matairi nayo ya kipindi? Maana nimeona mtu anasifia tairi "hazijawahi kutumika tangu kiwandani" nikatetemeka.

Mzee_Pointi

Ahsante kwa swali hilo. Chochote cha mpira usitafute cha zamani. Hata kama kipo kwenye boksi na kinanukia dukani. Mpira unazeeka ukiwa umekaa, mipira ya breki inavimba ndani na kuziba bila kuonyesha kitu nje, unakanyaga breki inashika haiachii. Tairi vivyo hivyo, nunua iliyotengenezwa karibuni, soma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Kwa saizi, gari ilitoka na 5.60-15 za nyuzi mshazari na bado zinatengenezwa mpya, au unaweka radiali 155 au 165 ya inchi 15. Wa kipindi kabisa atachagua mshazari na atalipia kwenye kona, gari inatangatanga. Mimi nina radiali na sijawahi kuona aibu.

Mpira wa petroli nao. Ule wenye kitambaa cha kusuka nje ndo wa kipindi, unapendeza, lakini huoni ukichanika chini ya kitambaa, na Beetle zinaungua kwa ajili ya hicho kipande kifupi karibu na kabureta. Kama petroli unayotumia ina ethanoli hakikisha ndani ni mpira unaoihimili. Na kagua kile kibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta, kikilegea kinachomoka injini ikiwa ya moto. Hapo sijali kipindi hata kidogo.

Fundi_Klachi

Breki mimi nimekwenda mbali zaidi, gari yangu ni ya saketi moja nimeweka silinda kuu ya saketi mbili kama zile za 67 za Marekani. Najua Mama Spana atanipiga.

Mama_Spana

Sikupigi 😂 ila tunza ile ya zamani kwenye boksi na uandike ulibadilisha lini. FIVA, lile shirikisho la dunia la magari ya kale lililoanza 1966, lina mwongozo wake unaoitwa Turin Charter, na wazo lake mojawapo ni kwamba ukilazimika kuweka kitu cha kisasa kifanye kisiharibu cha zamani na kiweze kutambulika. Mie ndo kipimo changu hicho. Umetoboa bodi? Umekata kitu? Kama kesho mtu akitaka kurudisha anaweza kwa spana tu, endelea. Ndo maana wale wanaoficha kitu cha elektroniki ndani ya distribyuta badala ya pointi siwasemi, dakika ishirini kimetoka. Anayekata bati kufunga taa za mwaka mwingine huyo ndo simwelewi.

Kwa Chuma na injini yake. Kwangu mie unabaki nayo. 1300 ndani ya 65 ni kitu ambacho watu walikuwa wanakifanya zamani gari hizo zikiwa bado changa, injini ikifa unaweka iliyopo. Usibandike tu maandishi ya 1300 nyuma, hayo ya 66.

Mzee_Pointi

Mimi sikubaliani na Mama Spana hapo. Alisema anataka ilivyotoka kiwandani. Kiwandani haikutoka na F. Atafute 1200, na hiyo 1300 aifunike vizuri stoo. Ukianza kusamehe injini, kesho utasamehe rimu.

Mama_Spana

Mzee, injini ya 1200 ya kukutana tu nayo nayo itakuwa sio yake, itakuwa ya gari nyingine iliyochinjwa. Tofauti yake na F ni ipi? Ya pili angalau inajulikana imeingiaje.

Mzee_Pointi

Tofauti ni kwamba mtu akifungua nyuma ataona anachotakiwa kuona.

Mama_Spana

Na hapo ndo sitakuja kukubaliana na wewe, ila tumeshabishana hili kwenye nyuzi zingine tatu, tuwapumzishe watu.

Chuma_Chakavu

Mrejesho wakuu.

Flaiwili nimechungulia, meno ni 109. Fundi Klachi nimemshukuru huyo mtu asiyejulikana. Injini F inabaki kwa sasa, Mzee Pointi nisamehe, nikikutana na 1200 ya tarehe inayokaribiana nitakuja kukuuliza wewe kwanza. Distribyuta ya vakyumu nimepata iliyochoka, nimenyonya bomba inashika. Kingpini na bushi zake nimeagiza nakala mpya, hapo sikuona sababu ya kutafuta za zamani, ni kitu kinachosagika na hakionekani. Boljointi jamaa mmoja wa 116 kazichukua zote. Vioo nilikuwa nataka kununua mpira wa kioo cha mbele wa 64 kwasababu ulikuwa rahisi, bahati nikakumbuka kuuliza, kumbe vioo vilipanuliwa kuanzia hii hii 65, usingeingia. Wa kioo cha nyuma nimechukua ule wa 65 mpaka 71, maana 72 walipanua tena.

Afu nikaitoa spidomita ili nibadilishe balbu. Nimeifuta vumbi kwa kitambaa. Imeandikwa VDO na chini yake 3.65.

Mama_Spana

Machi! Hiyo ni yake. Usiiguse tena, hata sindano usiipake rangi.

Mzee_Pointi

Safi sana kijana.

Zeze_la_Bati

Zile rimu za matundu bado unazo? Naulizia tu.

Chuma_Chakavu

Zeze?? Wewe si ulisema nani atahesabu matundu? Gari yako ya mwaka gani?

Zeze_la_Bati

Nimenyanyua siti jana usiku. 116.

Chuma_Chakavu

Njoo PM mkuu, na vifuniko vyake vipo.